Ng'ambo ya Barabara ya Crandall

Wenzangu wa kazini wenye watoto wadogo huniuliza wahamie kitongoji gani, chenye shule nzuri na nyumba ambazo mtu wa kawaida anaweza kuzinunua. Mimi nakaa mapokezi kwa daktari wa meno, lakini kwa habari hii wananiona mtaalamu. Huwa nawaambia wakae walipo, wafunge mlango, walale. Wanacheka, wanadhani natania. Mwaka mzima nilizunguka pembezoni mwa Chicago nikitafuta mji wa namna hiyo, nikaja kuupata mbele ya nyumba niliyokuwa nikiishi, ng'ambo ya barabara. Kuvuka barabara ile kumenichosha kuliko kama ningehamia nchi ya mbali.

Tulikuwa tunaishi kwa mama mkwe wangu, Loretta Garrity, kwenye nyumba ya matofali mwisho kabisa wa jiji. Nikisema mwisho kabisa sitii chumvi. Barabara ya Crandall ndiyo mpaka wenyewe. Upande wetu ni Chicago, upande wa pili ni Marlow Park, mji mwingine wenye meya wake, polisi wake na shule zake. Theluji ikianguka, gari la jiji linasukuma theluji ya upande wetu tu, la Marlow Park linasukuma ya upande wao, na katikati unabaki ukuta wa theluji ambao kila mmoja anaona si wake. Kwetu, mtu akishafukua mahali pa kuegesha gari lake anaweka kiti kibovu pale, ili mwingine asipachukue. Kwao hawaweki viti, kwa sababu kuacha gari barabarani usiku ni marufuku. Wale ni watu wa staha, au ndivyo wanavyojiona.

Mtaa wetu kila nyumba ilikuwa na mzimamoto, askari, au mtu wa mabomba ya maji kama mume wangu, Emmett. Hatukujazana pale kwa mapenzi. Jiji lina sheria yake: ukila mshahara wake, lazima ulale ndani ya mipaka yake. Ukikamatwa unaishi nje, kazi huna. Kwa hiyo wote waliokuwa na hamu ya bustani na utulivu walisogea, wakasogea, mpaka pua zao zikagusa mpaka, wakasimama hapo.

Nami ningesimama hapo maisha yangu yote, kama si Maeve.

Maeve ni binti yetu, hatuna mwingine. Alipofika miaka tisa alikuwa bado hajui kusoma. Hakuwa mzito wa akili, alikuwa mwepesi kuliko sisi wawili, na wepesi huo ndio uliotudanganya. Alikuwa anamwomba rafiki yake amsomee ukurasa, anaushika kichwani, kisha jioni ananisomea mimi huku kidole kinatembea kwenye mistari. Jioni moja nilikaa karibu naye kuliko siku zote, nikaona mdomo uko mwisho wa hadithi na kidole bado kiko juu kabisa ya ukurasa. Nilikwenda bafuni, nikafungua bomba ili asisikie, nikalia.

Shule ya parokia aliyokuwa akisoma ilikuwa inakula pesa yetu yote, na mwalimu wake akaniambia niwe na subira, watoto hawafanani. Shule ya serikali ya upande wetu ilikuwa na mwalimu mmoja wa watoto wenye shida hiyo, naye waligawana na shule nyingine kadhaa. Alikuwa anakuja Jumanne, kama gari lake limewaka. Nilipokwenda kumwona, alinishika mkono akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, ukiweza kuhama, hama."

Ndipo nilipoanza zile Jumapili. Kila Jumapili baada ya misa nilikuwa natoka na dalali mmoja aliyeitwa Paulette Zych, mwanamke mwenye viatu virefu na moyo wa punda, tunaingia nyumba za watu. Unavua viatu mlangoni. Jikoni wameoka biskuti dakika ile ile ili panukie kama nyumbani. Unafungua kabati za mtu usiyemjua, unachungulia bafu lake, unasema, "Pazuri sana," unavaa viatu, unakwenda nyingine. Miji iliyokuwa na shule nzuri, bei za nyumba zake hazishikiki. Miji ambayo nyumba zake zinashikika, shule zake zilikuwa zile zile nilizokuwa nazikimbia. Na ukipata vyote viwili, inakuja kodi ya majengo inayolipwa serikalini kila mwaka, inakurudisha garini kimya.

"Shule za hapa ni nzuri?" nilikuwa namwuliza Paulette.

"Noreen, mpenzi, sheria hainiruhusu dalali kutoa maoni juu ya shule. Tafuta mwenyewe."

"Na hili paa linavuja?"

"Hilo mwulize fundi."

"Sasa wewe unaruhusiwa kusema nini?"

"Kwamba jua linaingia vizuri," alisema, na hakucheka.

Emmett alikuwa anatuendesha, lakini hashuki. Aliogopa mtu wa kazini asije akamwona anakagua chumba cha kulala nje ya jiji. Alikuwa anakaa nyuma ya usukani, kofia imeshuka mpaka puani, kama mwizi anayewasubiri wenzake. Nikirudi ananiuliza, "Vipi?" Nami nasema, "Jua linaingia vizuri," naye anawasha gari. Tulijua wote kwamba tukipata nyumba itabidi aache kazi. Alikuwa na miaka arobaini na saba, mgongo umeliwa na mashimo ya mabomba, na pensheni ilikuwa bado miaka minane. Kila mara alisema, "Nitapata kazi nyingine, usijali." Kila mara nilimwitikia, na hakuna aliyemwamini mwenzake.

Kisha mzee Hruska, wa nyumba inayotazamana na yetu, akachukuliwa na mwanawe Arizona, na kibao cha kuuza kikachomekwa kwenye majani yake.

Nyumba ilikuwa ndogo, dari liko chini, jiko lina rangi ya kijani ya zamani inayotia kichefuchefu. Watu wa Marlow Park hawakuitaka kwa sababu ilitazama jiji, na watu wa jiji wasingeweza kuichukua kwa sababu ya sheria. Kwa hiyo ilikaa. Bei ikashuka, ikashuka tena. Asubuhi moja tulikuwa mezani kwa mama mkwe, Emmett akatazama dirishani akasema, "Wewe na Maeve vukeni. Mimi nitabaki hapa kwa mama. Nitakuwa nakuja kula, narudi kulala. Sheria inauliza ninapolala mimi, haiulizi anapolala mke wangu."

Alisema kwa utani. Mimi nikaudaka utani ule kwa mikono miwili.

"Yaani unamhama mwanangu huku unamwona?" mama mkwe aliuliza, kijiko kimesimama hewani.

"Simhami, Mama. Ni kwa ajili ya shule ya mtoto."

"Emmett hakusoma shule yoyote ya kifahari, na mtazame."

Tukamtazama Emmett. Alikuwa anatafuta miwani, na miwani iko kichwani.

"Mama, ni barabara tu," alisema. "Ukiniita kwa nguvu nasikia."

"Barabara tu," mama mkwe akarudia. "Babako alivuka barabara tu, akaenda kununua sigara, akarudi baada ya mwezi."

Tulihama Agosti, kwa miguu. Sijui kama kuna familia nyingine iliyohama namna ile, kitanda begani, tunasubiri magari yapite. Majirani wa jiji walikaa barazani wakitutazama kama sinema. Mmoja akapaza sauti, "Noreen, utatuandikia?" Nikacheka. Siku hizo nilikuwa bado na kicheko.

Na mwaka wa kwanza, niseme ukweli, ulikuwa mzuri. Emmett alikuja asubuhi kunywa kahawa, akaja jioni kula, akamsaidia Maeve hesabu, kisha akavaa koti na kwenda kulala kwa mama yake kama kijana anayechumbia. Mlangoni alikuwa ananibusu, halafu ananiambia, "Mwambie baba yako nimekurudisha mapema." Tulikuwa tumeoana zamani, na ghafla tukawa tunaagana barazani. Nilijisikia msichana.

Shule ilikuwa na chumba kizima kwa ajili ya watoto kama Maeve, na mwalimu wake, Bi. Ostrander, alikuwepo kila siku, si Jumanne peke yake. Alimfundisha herufi kwa vidole, kwa mchanga, kwa kupiga makofi. Miezi ikapita bila kitu. Kisha siku moja ya masika nilikuwa naendesha gari, Maeve yuko nyuma, nikamsikia anasema, "Punguza mwendo." Nikamwambia mbona naendesha polepole. "Si wewe, Mama. Kibao." Halafu akaendelea. "Simama. Matairi mapya. Kuku wa kuchoma, nusu bei." Ilibidi niegeshe pembeni. Nilimpigia Emmett simu, naye alikuwa ndani ya shimo barabarani, maji yamemfika magotini. Nikamwambia, "Amesoma kuku wa kuchoma." Nikasikia anawapigia wenzake kelele, "Binti yangu amesoma kuku!" na wale wanaume wote wakashangilia ndani ya lile shimo.

Nilidhani tumeshinda. Nilidhani kazi iliyobaki ni kuhesabu miaka tu.

Mwaka wa pili, Jumamosi moja ya Machi, nilikuwa barazani nakung'uta zulia. Emmett alikuwa ndiyo kwanza anatoka kwa mama yake na kikombe cha kahawa mkononi, anakuja kwangu kula mayai. Gari la kijivu likasimama upande wa jiji, akashuka mtu mfupi mwenye tai. Emmett akageuka na kukaa kwenye ngazi za mama yake kana kwamba ndiko alikokuwa anakwenda.

"Wewe ndiye Emmett Garrity?"

"Ndimi."

"Naitwa Pruitt, mkaguzi wa jiji. Tumepewa taarifa kwamba huishi hapa."

"Na nani?"

"Hatusemi. Unaishi hapa?"

"Nimezaliwa hapa."

"Sikukuuliza ulipozaliwa, kaka. Nakuuliza unapolala."

"Chumba cha nyuma. Karibu ukakione. Kitanda ni kile cha utotoni, miguu inaning'inia."

"Na mke wako analala wapi?"

Barabara yetu si pana. Nilisikia kila neno. Emmett alitazama ndani ya kikombe.

"Tumetengana," alisema.

"Kisheria?"

"Bado."

"Kwa nini bado?"

"Sisi Wakatoliki, bwana."

Pruitt akaitikia kwa kichwa kama mtu ambaye nyumbani kwake nako Wakatoliki wapo. "Na anaishi wapi kwa sasa?"

Emmett akaninyooshea kidole. Sikujua nifanye nini. Nikapunga mkono.

"Pale?" Pruitt aligeuka, akanitazama, akamtazama tena Emmett. "Mmetengana, akaenda kukaa pale?"

Hapo mlango ukafunguliwa kwa kishindo na mama mkwe akatoka, gauni la kulala ndani, koti la mwanawe juu.

"Ndiyo, pale! Aliona kumwacha mwanangu hakutoshi, akahamia mbele ya macho yake ili amwumize vizuri! Kila asubuhi namwona anakung'uta mazulia yake kama malkia! Mtoto wangu anakula peke yake, analala peke yake. Mtazame alivyokonda!"

Emmett hakuwa amekonda hata kidogo.

"Mama, basi," alisema.

"Siachi! Miaka yote nimemfulia huyu mwanamke, nimempikia, akaniletea mjukuu akaja akamchukua. Kwa sababu ya nini? Shule! Sisi tulikuwa na shule hapa! Sisi hatukuwa watu?"

Pruitt aliinamisha kichwa. "Pole sana, mama." Akampa Emmett mkono. "Pole, kaka. Jikaze." Akaingia garini, lakini kabla ya kuondoka alinitupia jicho ambalo sijalisahau, jicho la kumtazama mwanamke asiye na haya.

Alipopotea nilimpigia Emmett simu. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, yeye dirishani kwake, mimi dirishani kwangu. Nikamwambia mama yake apewe tuzo ya uigizaji. Emmett akaacha kucheka.

"Hakuwa anaigiza, Noreen," alisema. "Ameingia ndani, analia."

Baada ya hapo hofu ikaingia nyumbani kwetu na kukaa. Lile gari la kijivu tuliliona tena, au tuliona magari mengine ya kijivu, maana ni mengi duniani. Emmett akaacha kuja asubuhi. Kisha akaja jioni mbili kwa wiki, kisha Jumapili tu, tena kwa mlango wa nyuma. Theluji ikianguka, zamani alikuwa anafukua kwa mama yake, anavuka, anafukua kwangu. Sasa alimaliza kwa mama yake, akasimama na sepetu mkononi akinitazama mimi nikifukua, kisha akaingia ndani. Mtu aliyetengana na mkewe hamfukulii theluji. Nilijua sababu. Lakini mgongo wangu haukujua sababu, na mikono yangu iliyoganda haikujua.

Chakula chake Maeve ndiye aliyekipeleka, sahani imefunikwa kwa karatasi ya foili, anatazama kushoto na kulia kisha anakimbia. Alikuwa anarudi na sahani ya jana, imeoshwa. Mara ya kwanza nilipoiona imeoshwa nilifurahi. Baadaye nilielewa kwamba mtu haoshi sahani ya nyumbani kwake kabla ya kuirudisha.

Tulikuwa tunagombana kwa simu huku tunaonana. Yeye anatembea nyuma ya dirisha lake, mimi nyuma ya langu. Bomba la maji moto limeharibika, nani aite fundi, wakati mume wangu mwenyewe ni fundi na yuko hatua chache tu. Maeve ana homa, nani alale kwenye kiti pembeni yake. Ni mimi. Kila jibu lilikuwa mimi. Na yeye aliporudi kazini amelowa, hana hisia vidoleni, hakuna aliyemvua viatu, na akinieleza hayo nilikuwa namwambia, "Angalau wewe una mama wa kukupashia supu."

Hakuna aliyekosa. Nimelitafuta kosa muda mrefu, nilitaka nilipate ili nimpe mtu. Sheria ya jiji ina maana yake, kodi za watu zilipe watu wanaoishi nao. Marlow Park nao wana haki ya kutaka watoto wao ndio wasome kwenye shule yao. Maeve alikuwa na haki ya kusoma. Ila sisi wawili tulikuwa na ndoa moja tu, tukaitandaza juu ya barabara.

Polepole nikaanza kulala katikati ya kitanda. Nikaanza kuacha redio inaongea mpaka nisinzie, kitu ambacho Emmett hawezi kukivumilia. Yeye akaanza kwenda kucheza bolingi Alhamisi na wenzake wa mabomba, akapata marafiki ambao sikuwajua majina. Mama mkwe alipofariki, tulimzika pamoja, tukasimama pamoja kanisani, watu wakatupa pole pamoja. Nilidhani nyumba ile ikiwa tupu itamwuma, atakuwa anavuka zaidi. Akapaka rangi sebule, akanunua kitanda kirefu. Maeve aliniambia kitanda kizuri. Sikwenda kukiona.

Na Maeve akasoma. Hilo sitaliacha bila kulisema, maana ndilo lililotuvusha. Alisoma polepole, daima polepole kuliko wenzake, lakini alisoma vitabu vinene, alisoma maandishi madogo nyuma ya dawa, alisoma mbele ya darasa zima bila kukariri. Alichukuliwa na chuo kikuu kimoja cha Iowa akasomee uuguzi. Siku ya mahafali ya sekondari Emmett alikaa upande wake, nami nilikaa upande wangu, kwa mazoea tu, na Maeve alipopita alipunga mkono kushoto kisha kulia.

Emmett alistaafu Ijumaa ya mwisho ya Julai, na Jumapili iliyofuata nikaandaa chakula cha mchana kwa ajili yake na Maeve, mmoja anaondoka na mmoja anarudi. Nilioka nyama ya ng'ombe, nikaponda viazi kwa siagi. Siku chache kabla nilikuwa nimetoa nguo zangu nusu ya kabati na kununua mto mpya. Nilikuwa na wasiwasi kama bibi harusi, na nikajicheka.

Alikuja saa nane mchana. Akapiga kengele. Nilipofungua alikuwa amenyoa, ameshika pai ya tufaha ya dukani iliyofungwa utepe, akafuta miguu kwenye zulia la mlangoni mara mbili.

"Pananukia vizuri," alisema.

Nikamwomba alete kijiko kikubwa cha viazi. Alifungua droo ya kwanza, akaifunga. Akafungua ya pili. Akasimama katikati ya jiko langu, mikono imemshuka, akaniuliza vijiko vinakaa wapi. Maeve akainuka kimya, akamtolea.

Tukasali, tukaanza kula. Tuliongea habari za Iowa, za masanduku, za sherehe waliyomfanyia kazini. Kisha Maeve akauliza, huku anakata nyama, swali la mtu anayepanga safari tu.

"Sasa Novemba, Sikukuu ya Shukrani, nije nyumba ipi?"

"Kwa mama yako, bila shaka," Emmett alisema bila kuinua kichwa. "Mimi nitavuka nije kula."

Maeve akaacha kukata. "Baba, si umestaafu?"

"Ijumaa."

"Basi hakuna anayekuzuia. Jiji halina habari na wewe tena."

"Halina."

"Kwa hiyo unahamia lini?"

Emmett akapangusa mdomo. Akanitazama. "Mama yako hajaniambia kitu."

"Ulikuwa unangoja kualikwa?" nikamwuliza.

"Sikujua kama nafasi bado ipo, Noreen."

"Ipo. Nimekuachia nusu ya kabati."

"Asante," alisema, kama mtu aliyesogezewa chumvi. Akakizungusha kisu chake mezani. "Nilikuwa nafikiri, labda tuache baridi ipite kwanza. Nyumba ile ikikaa bila mtu mabomba yataganda, na nani atayashughulikia?"

"Ni kweli," nikasema. "Tuache baridi ipite."

Ilikuwa mwezi wa Agosti. Nje watoto wa jirani walikuwa wanarushiana maji, na jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni. Nami moyoni nilisikia nafuu, nafuu ile unayoisikia wageni wanapopiga simu kusema hawaji tena. Nilimpenda. Nilikaa pale nikimtazama mume wangu, nampenda, na nikashukuru kwamba leo atakwenda kulala kwake. Nikaogopa, na nadhani uso wangu ulionyesha, kwa sababu Maeve alinitazama mimi, akamtazama baba yake, akayaelewa yote pale pale.

"Mngeniacha tu," alisema.

"Unasema nini?" Emmett akamwuliza.

"Mngeniacha nisijue kusoma."

"Usiseme hivyo, mwanangu."

"Mngeniacha, Baba. Watu wanaishi. Ningeishi." Machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye sahani na hayafuti. "Nani aliwaomba?"

Emmett akanigeukia nijibu mimi. Jibu nilikuwa nalo. Kama Maeve angekuwa tena na miaka tisa, na kidole chake kiko juu ya ukurasa huku mdomo uko mwisho, ningebeba kitanda begani na kuvuka tena, nikijua hata yatakayotupata. Lakini huwezi kumpa mtoto jibu kama hilo aondoke nalo mpaka Iowa. Nikalisogeza bakuli la viazi mbele yake.

"Kula, mwanangu," nikamwambia. "Vinapoa."